Namna ya Kufuatilia Neno la Mkopo katika Lugha za Kislavoni na za Kiturki: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa "Sanduku"

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kirusi hukutana mapema na neno сундук, linalosomwa sunduk, na mara nyingi hulielewa kabla hajafungua kamusi. Neno hilo liko Uturuki likiwa sandık, liko Bulgaria likiwa сандък, liko Serbia na Bosnia likiwa sanduk, na liko Kazakhstan likiwa сандық. Yote ni ndugu wa sanduku letu. Lakini kusema kwamba maneno haya ni ndugu ni jambo jepesi. Kueleza undugu huo umepita njia gani, nani alimkopesha nani, na kwa nini neno moja liwe kasha la bibi harusi mahali pamoja, jeneza mahali pengine na mfuko wa pensheni mahali pa tatu, ni kazi inayodai utaratibu. Mwongozo huu unaueleza utaratibu huo hatua kwa hatua, kwa ajili ya mwanafunzi wa isimu, mfasiri, mwalimu wa lugha au msomaji yeyote anayependa historia ya maneno na ambaye hana budi kufanya kazi hiyo mwenyewe kwa kamusi alizonazo.

Ufafanuzi mmoja wa istilahi unahitajika kwanza. Katika maelezo haya, Kituruki ni lugha ya taifa la Uturuki, ilhali lugha za Kiturki ni familia nzima inayojumuisha Kituruki, Kiazerbaijani, Kitatari, Kibashkiri, Kikazaki, Kikirigizi, Kiuzbeki na nyinginezo. Anayezichanganya mbili hizi atapotea njiani, kwa kuwa maneno mengi ya Kirusi yenye asili ya Kiturki hayakutoka Uturuki hata kidogo.

Hatua ya kwanza: kusanya maumbo yote ya neno, katika hati zake zote

Anza kwa kuandika neno kama linavyoandikwa na wenyewe, kisha andika pembeni linavyotamkwa. Usitegemee tahajia ya Kilatini uliyoikuta mahali, kwa sababu herufi moja inaweza kuficha sauti mbili. Herufi ı ya Kituruki, isiyo na nukta, si i. Ni irabu inayotamkwa nyuma ya kinywa bila kuviringa midomo, na karibu nayo kuna ъ ya Kibulgaria. Kwa hiyo sandık na сандък, ambayo machoni yanaonekana tofauti, masikioni yanakaribiana sana.

Hati zimebadilika mara nyingi katika eneo hili, na jambo hilo lina uzito wa kivitendo. Kituruki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi mwaka 1928. Kikazaki kilitoka kwenye herufi za Kiarabu kikaingia za Kilatini mwaka 1929, kisha za Kisirili, yaani herufi za aina ya Kirusi, mwaka 1940. Kiserbia huandikwa kwa hati mbili hadi leo. Mtafiti anayetafuta sandık katika matini ya Kiosmani, yaani Kituruki cha Milki ya Osmani, hataipata kwa umbo hilo. Ataipata kama صندوق, maandishi yale yale ya Kiarabu, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili aliyepitia chuoni utotoni anapokuwa na faida ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya hawana.

Orodha ya neno letu, baada ya kukusanywa, inakuwa hivi: Kirusi сундук (sunduk), Kibulgaria сандък (sandăk), Kimasedonia сандак (sandak), Kiserbia, Kibosnia na Kikroatia sanduk, Kituruki sandık, Kiazerbaijani sandıq, Kitatari na Kikirigizi сандык, Kikazaki сандық, Kiuzbeki sandiq, Kibashkiri һандыҡ (handıq). Nyuma ya yote kuna Kiarabu, ambacho kina matamshi mawili, ṣundūq na ṣandūq, na kuna Kiajemi sandūq. Weka orodha hiyo mbele yako muda wote wa kazi.

Hatua ya pili: ondoa ufanano wa bahati

Kabla ya kujenga ukoo wa maneno, ni lazima uwafukuze wasiohusika. Kiswahili kina neno baba. Kituruki pia kina baba, kwa maana ile ile ya mzazi wa kiume. Kirusi, Kibulgaria na Kiserbia vina baba, lakini huko ni bibi, yaani mwanamke mzee. Hakuna mkopo hapa. Maneno yanayotokana na midomo ya watoto wachanga huzuka popote pale duniani kwa silabi zile zile, ba, ma, da, ta, na kila jamii huyagawa kwa mzazi inayemtaka. Mtu akikuletea jozi ya namna hiyo kama ushahidi wa uhusiano wa kale kati ya mataifa, iweke kando.

Jozi nyingine ya mtego ni durak. Kwa Kituruki durak ni kituo cha basi, kutoka kitenzi dur-, "simama". Kwa Kirusi дурак ni mpumbavu, kutoka mzizi wa Kislavoni, familia ya Kirusi, Kibulgaria, Kiserbia na ndugu zao, unaohusu ujinga na wazimu. Maneno yanafanana herufi kwa herufi, na hayana uhusiano wowote. Kila lugha ina mzizi wake unaojieleza ndani ya lugha yenyewe, ukiwa na vitenzi na vivumishi vilivyouzunguka. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kutumia: neno lenye jamaa wengi ndani ya lugha kwa kawaida ni la wenyeji, na neno lililosimama peke yake, lisilo na kitenzi wala mzizi nyumbani, linastahili kushukiwa kuwa mgeni. Sunduk katika Kirusi limesimama peke yake. Sandık katika Kituruki vilevile. Wote wawili ni wageni.

Hatua ya tatu: soma sauti, kwa kuwa sauti ndizo zinazotoa ushahidi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningemshauri msomaji atumie hapa nusu ya muda wake wote. Maana hubadilika kwa sababu elfu, lakini sauti hubadilika kwa kanuni, na kanuni hizo huacha alama zinazoonyesha neno limepita kwa nani.

Angalia irabu ya pili ya sandık. Kiarabu kina ū ndefu. Kituruki cha leo kina ı. Sababu ni upatanifu wa irabu, kanuni ya lugha za Kiturki inayodai kwamba irabu ndani ya neno zikubaliane. Baada ya a, silabi ya pili ya neno la kawaida hupenda ı. Neno lilipozoea nyumba mpya, likavaa vazi la wenyeji. Lugha za Kislavoni za Balkani zilipolichukua kutoka kwa Waosmani, Kibulgaria, chenye irabu inayokaribia ı, kiliihifadhi kama ъ. Kimasedonia kikaweka a. Na Kiserbia, kisichokuwa na irabu ya namna hiyo, kina u. Kiswahili nacho kilifanya lake: kikaongeza u mwishoni, kwa kuwa hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na kikaigeuza q ya kooni kuwa k.

Sasa angalia irabu ya kwanza. Karibu kila mahali ni a. Kati ya lugha zilizokopa katika orodha yetu, Kirusi peke yake kina u: sunduk. Tofauti hiyo ndogo ina thamani kubwa, kwa sababu inatuambia kwamba Kirusi hakikulipata neno hili kwa Waosmani wa Istanbul bali kwa wasemaji wa lugha za Kikipchaki, tawi la lugha za Kiturki, wa nyika za kaskazini, waliokuwa na umbo lenye u, linalolingana na Kiarabu ṣundūq. Max Vasmer, ambaye kamusi yake ya asili ya maneno ya Kirusi ilichapwa Heidelberg kati ya 1950 na 1958, hulihesabu neno hili miongoni mwa mikopo kutoka lugha za Kiturki, na chimbuko lake huliweka katika Kiarabu.

Sikiliza pia mkazo. Kirusi hutamka sunduk kwa kukaza silabi ya mwisho, na wingi wake, сундуки, hukaza i. Maneno mengi ya Kirusi yaliyotoka lugha za Kiturki hufanya hivyo hivyo: сарай (saray), казна (kazna), башмак (bashmak, kiatu). Ni mwangwi wa matamshi ya Kiturki, ambayo kwa kawaida hukaza mwisho. Kiserbia sanifu hakiruhusu mkazo katika silabi ya mwisho ya neno lenye silabi zaidi ya moja, hivyo sanduk ya huko hukazwa mwanzo. Usiutumie mkazo peke yake kama ushahidi. Utumie kuunga mkono ushahidi mwingine.

Umbo ninalolipenda kuliko yote katika orodha hii ni la Kibashkiri, һандыҡ. Kibashkiri kina kanuni inayojulikana: s ya mwanzo wa neno, inayobaki s katika Kitatari jirani yake, huwa h. Maji kwa Kitatari ni су, kwa Kibashkiri һыу. Nane ni сигез kwa Kitatari na һигеҙ kwa Kibashkiri. Sanduku nalo limepitia kanuni hiyo hiyo likawa һандыҡ. Maneno mapya yaliyoingia kutoka Kirusi, kama совет, hayakuguswa. Yamebaki na s yao. Maana yake ni kwamba sanduku liliingia Kibashkiri mapema kiasi cha kutendewa kama mwenyeji, na halikuletwa na Warusi. Kama ungekuwa na shaka kwamba labda Warusi ndio waliowapa watu wa Ural neno hili pamoja na makasha yao, herufi moja һ inaiondoa shaka hiyo.

Ili kuhakikisha kwamba hujajenga nyumba juu ya neno moja, jaribu kanuni zako kwa neno lingine lililosafiri pamoja nalo. Hazina linafaa sana. Kiarabu kina khazīna. Kiswahili kiligeuza kh kuwa h. Kituruki kina hazine, na Kibulgaria kikakopa хазна, kwa kh. Lakini Kikazaki kina қазына (qazyna), kwa q, na Kirusi kina казна (kazna), kwa k, ingawa Kirusi kina sauti ya kh tele na hakikuwa na haja ya kuikwepa. Kwa nini basi kiseme k? Kwa sababu kilisikia k kutoka kwa mtu aliyesema q, yaani msemaji wa lugha ya nyika. Ushahidi wa kazna unalingana na ushahidi wa sunduk: kaskazini kuna mlango wa Kikipchaki, kusini kuna mlango wa Kiosmani. Maneno mawili yakishuhudia jambo moja kwa sauti tofauti, unaweza kulala usingizi.

Hatua ya nne: oanisha sauti na historia

Milango hiyo miwili ina tarehe. Ule wa kaskazini ulikuwapo tangu Warusi walipoishi jirani na wafugaji wa Kikipchaki, lakini ulifunguka kwa upana baada ya Wamongolia kuuteka mji wa Kyiv mwaka 1240 na dola lao la magharibi, lililoitwa Orda ya Dhahabu, kuweka makao yake Sarai kwenye bonde la chini la mto Volga. Watawala walikuwa wa ukoo wa Kimongolia, ila lugha iliyosemwa na watu wengi ilikuwa ya Kikipchaki. Kodi, posta, forodha na biashara ya manyoya na vitambaa vilipitia huko, na pamoja navyo maneno ya fedha na mizigo. Utii wa Warusi kwa dola hilo huhesabiwa kwamba ulikoma mwaka 1480, baada ya majeshi kukabiliana kwenye mto Ugra.

Mlango wa kusini ni wa Milki ya Osmani. Tarnovo, mji mkuu wa Bulgaria, ulianguka mwaka 1393, Bosnia mwaka 1463, na Bulgaria ilibaki chini ya Waosmani hadi vita vilivyoishia 1878. Hiyo ni miaka karibu mia tano ya kuishi mtaa mmoja, kununua sokoni pamoja na kushtakiana mahakama moja. Ndiyo maana mikopo ya Balkani imeingia hadi jikoni na chumbani, na Abdulah Škaljić, katika kamusi yake ya maneno ya Kituruki ndani ya Kiserbokroatia iliyochapwa Sarajevo, aliweza kuorodhesha maelfu yake.

Katika hatua hii jiulize swali moja tu: je, watu waliolitumia neno walikutana kweli, mahali hapo na wakati huo, kwa shughuli inayohusiana na kitu kinachotajwa? Jibu likiwa ndiyo, endelea. Likiwa hapana, rudi hatua ya tatu, hata kama sauti zinakuvutia. Kwa Kiswahili, kwa mfano, jibu ni rahisi: wafanyabiashara wa Kiarabu walifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi wakiwa na masanduku ndani yake, na hakuna haja ya kumwita Mturuki wala Mrusi. Sanduku na sunduk ni watoto wa baba mmoja waliokulia nyumba mbalimbali. Hakuna aliyemzaa mwenzake.

Hatua ya tano: tazama mahali ambapo neno halipo

Watafiti wengi wachanga huruka hatua hii. Poland husema skrzynia kwa kasha kubwa. Ucheki husema skříň, ambayo leo ni kabati. Ukraine husema скриня (skrynia), hasa kasha la bibi harusi lililochorwa maua. Yote hayo yametoka Kilatini, scrinium, kwa kupitia lugha za Kijerumani. Ukichora ramani, utaona eneo la sanduku na eneo la skrynia yakigusana, na mpaka wao unakaribia kufuata mipaka ya athari za kale: upande mmoja nyika na Osmani, upande mwingine ulimwengu wa Kilatini. Kiukraine, kilichosimama katikati, kinalifahamu na сундук, lakini kasha la kijijini linalopendwa lina jina la magharibi. Ramani ya namna hii inathibitisha njia uliyoipendekeza kwa nguvu kuliko mfano mmoja zaidi wa kufanana.

Hatua ya sita: sasa fuata maana

Umejua njia, unaweza kuingia kwenye maana bila hofu ya kudanganywa nazo. Anza na maana iliyo kila mahali, kisha orodhesha zilizo mahali pamoja pamoja, na uulize kila moja imezaliwa wapi.

Maana ya pamoja ni kasha la mbao lenye kifuniko, la kuhifadhia mali. Kituruki kina çeyiz sandığı, kasha ambamo msichana huwekewa mashuka, taulo na nguo alizotarizi kwa ajili ya ndoa. Katika hema la Kikirigizi, kasha la сандык huwekwa upande unaotazamana na mlango, mahali pa heshima, na juu yake hupangwa magodoro na mablanketi yaliyokunjwa, yanayoitwa жүк, mzigo. Urefu wa rundo hilo humwambia mgeni hali ya nyumba aliyoingia. Katika ngano ya Kirusi ya Koshchei asiyekufa, mauti yake yamo kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura ndani ya sunduk iliyoko kwenye mwaloni mrefu. Katika yote matatu sanduku ni mahali ambapo kitu cha thamani kuliko vyote kinafungiwa.

Kutoka hapo kila lugha ilishika njia yake. Kiserbia na Kimasedonia vilichukua umbo la kasha vikalipeleka makaburini: mrtvački sanduk, neno kwa neno "sanduku la maiti", ni jeneza. Kirusi hakikufanya hivyo, kwa kuwa kilikuwa na neno lake la kale, гроб, na nafasi haikuwa wazi. Kiserbia pia kilichukua umbo dogo, poštansko sanduče, kwa ajili ya kisanduku cha barua, na Kikroatia kikasema poštanski sandučić. Msomaji wetu ataikumbuka S.L.P. mara moja. Hapo ni lazima atulie. Kiswahili na Kiserbia havikufundishana jambo hili. Posta ya kisasa ilifika kote kuwili ikihitaji jina la kijisanduku chake, na kila lugha ikatumia neno lililokuwa mkononi. Uturuki, penye neno hilo hilo, husema posta kutusu kwa kutumia neno jingine kabisa.

Maana iliyokwenda mbali zaidi ni ya fedha. Kwa Kituruki sandık ni kasha, na pia ni mfuko wa fedha za pamoja. Mwaka 1863 Midhat Pasha, aliyekuwa gavana wa Osmani katika jimbo la Niš, alianzisha huko Pirot, mji ulioko leo Serbia, mfuko wa kuwakopesha wakulima ulioitwa memleket sandığı, "sanduku la nchi". Wanakijiji walilima shamba kwa pamoja, mazao yakauzwa, na fedha zikawa mtaji wa kuwakopesha wenyewe ili wasikabwe na wakopeshaji wa riba kubwa. Usimamizi uligawanywa kati ya Waislamu na Wakristo wa mahali hapo. Kutokana na mifuko hiyo ilizaliwa benki ya kilimo ya Uturuki, Ziraat Bankası, mwaka 1888. Baadaye shirika la pensheni la watumishi wa serikali, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1949, likaitwa Emekli Sandığı, "sanduku la wastaafu". Kiarabu pia hutumia ṣundūq kwa mfuko wa fedha, na jina la Shirika la Fedha la Kimataifa kwa Kiarabu huanza na ṣundūq. Sisi tulilikopa sanduku tukaiacha maana hii, kwa kuwa mfuko ulikuwa umekwisha kushika nafasi: tunasema Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na anayesema "sanduku la wastaafu" hataeleweka. Mfasiri wa Kituruki asiyejua hili ataandika upuuzi.

Kura ni mfano wa mwisho. Kituruki husema seçim sandığı, na sandık peke yake katika magazeti ya Uturuki mara nyingi humaanisha uchaguzi wenyewe. Kiswahili husema sanduku la kura. Kirusi husema урна, kutoka Kilatini. Kiserbia husema glasačka kutija. Hapa tena kufanana kwa Kituruki na Kiswahili hakuthibitishi kitu kuhusu mkopo. Kunathibitisha tu kwamba karatasi za kura hutupwa ndani ya kitu chenye kifuniko na kufuli.

Kwa mazoezi ya maana iliyoshuka daraja, hakuna neno bora kuliko saray. Kwa Kiajemi ni nyumba kubwa au kasri. Kwa Kituruki ni kasri ya mfalme: Topkapı Sarayı ya Istanbul ni mfano unaojulikana na kila mtalii. Bakhchisaray ya Crimea ni "kasri ya bustani". Sarajevo ni saray ovası, "uwanda wa kasri", ikiwa imeongezewa mwisho wa Kislavoni. Ila kwa Kirusi сарай ni banda la kuwekea kuni, nyasi kavu au mkokoteni, na mtu akikuambia kwa Kirusi kwamba nyumba yako ni saray, hakusifu. Neno lilipitia mlango wa kaskazini, mbali na kasri za Istanbul, likashikilia upande wa jengo kubwa lenye paa na nafasi tupu ndani yake, na jengo la namna hiyo katika uwanja wa mkulima wa Kirusi ni banda. Kibulgaria, kilichokaa chini ya kasri zenyewe, kilibaki na сарай kwa maana ya kasri.

Hatua ya saba: fuata kitu chenyewe

Maneno ya vyombo hayasafiri peke yake, na kitu kinaweza kurudi kule neno lilikotoka. Katika karne ya 19 mafundi wa Ural, hasa wa Nizhny Tagil na Nevyansk, walitengeneza masanduku kwa wingi na kuyauza katika soko kubwa la Irbit na lile la Nizhny Novgorod, kutoka ambako yalipelekwa Asia ya Kati na Uajemi. Masanduku mengine yalifunikwa mabati ya rangi ya fedha yaliyomwagiwa tindikali kwa ustadi hadi uso wake ukatoa michoro kama ya barafu iliyoganda kwenye kioo cha dirisha. Mafundi waliuita mtindo huo "baridi kali". Kufuli zilitengenezwa ziwe na mlio, ili ufunguo unapozungushwa, nyumba nzima isikie kwamba sanduku linafunguliwa. Hivyo mfugaji wa Kikazaki aliweza kuwa na сандық iliyotengenezwa na Mrusi, huku Mrusi akiiita kwa neno alilolipata kwa babu wa mfugaji huyo. Bila ushahidi wa sauti wa hatua ya tatu, mtafiti aliyeyaona masanduku hayo katika jumba la makumbusho angeweza kuamini kwamba neno nalo lilitoka Urusi.

Hatua ya nane: amua mahali pa kusimama

Kila neno lina babu wa babu yake. Wapo wanaisimu wanaolihusisha ṣundūq la Kiarabu na Kigiriki, na wapo wanaolikataa pendekezo hilo. Kwa kazi inayohusu lugha za Kislavoni na za Kiturki, simama kwenye Kiarabu, taja mjadala huo kwa sentensi moja, na usijenge juu yake. Tahadhari hiyo iende pamoja na nyingine: Kigiriki cha leo kina σεντούκι, linalotamkwa senduki, na ni kosa kulichukua kama chanzo eti kwa sababu Kigiriki ni lugha ya kale. Lugha ni ya kale. Umbo hilo la neno halilazimiki kuwa la kale.

Hatua ya tisa: andika kadi ya neno

Weka matokeo katika kadi moja yenye mpangilio huu: umbo kwa hati yake na matamshi, lugha iliyokopesha moja kwa moja, lugha ya chimbuko, ushahidi wa sauti, muda na mahali pa kukutana, maana ya pamoja, maana za pekee, viambishi ambavyo lugha imekwisha kulipatia neno hilo. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika, ingawa kinaonyesha neno limezoea kiasi gani. Kirusi kina сундучок, sanduku dogo, na сундучник, fundi wa masanduku. Kiserbia katika wingi husema sanduci, kikigeuza k kuwa ts kama kifanyavyo kwa maneno yake ya asili. Kituruki husema sandıkçı kwa fundi. Kiswahili kina masanduku na kisanduku.

Kwa sunduk ya Kirusi kadi itasomeka hivi: imekopwa kutoka lugha ya Kikipchaki, chimbuko ni Kiarabu, ushahidi ni u ya silabi ya kwanza na mkazo wa mwisho, ukiungwa mkono na k ya kazna, mkutano ni wa nyika na Orda ya Dhahabu, maana ni kasha la mali, maana ya jeneza, ya posta na ya mfuko wa fedha hazipo. Kwa sanduk ya Kiserbia, badilisha mkopeshaji kuwa Kiosmani, na uongeze jeneza na posta. Kadi mbili za neno moja zinapotofautiana kiasi hicho, kazi yako imefanyika vizuri.

Msomaji anayetaka kujijaribu achukue duka. Kiarabu kina dukkān. Kituruki kina dükkân, ambamo k hulainishwa kuelekea y. Kibulgaria kikaandika дюкян. Kiserbia kikaisikia k hiyo laini kama ć na kusema dućan. Na Kirusi kina духан (dukhan), kilabu kidogo cha mvinyo katika milima ya Kaukazi. Ajiulize Kirusi kimelipata kwa nani, na kwa nini maana yake imefungwa milimani. Kisha ajiulize kuhusu upande wetu, ambako n ya mwisho imepotea: neno liliingia likiwa dukani, masikio ya Kiswahili yakasikia ndani yake -ni ya mahali, kama nyumbani na shambani, na watu wakaiondoa ili wabaki na duka.